Sime za sponji: Ukipigwa, sema

Ukimwambia utingo wa matatu akushushe Makutano, huenda akakuuliza, "Makutano gani?" Kuna ile ambako njia ya Embu huachana na ya Sagana, na kuna ile ya Meru mjini. Iwe ipi, shule zikifungwa si ajabu kuwakuta watoto wakipigana kwa mabua ya mahindi. Mchezo huo ni mtamu, lakini bua lina ncha na jicho halina spea. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Iko njia iliyo salama zaidi. Nenda kwa fundi wa makochi umwombe vipande vya sponji anavyotupa. Tafuta paipu nyepesi ya plastiki yenye urefu wa mkono wako, uivishe sponji nene pande zote, kisha uifunge kwa kitambaa. Sponji ipite ncha ya paipu kwa vidole vinne hivi. Kabla ya kumpiga mwenzako, jipige paja kwa nguvu. Ukikunja uso, ongeza sponji.

Sime tayari, sasa zatakiwa sheria. Huko Marekani, karibu na jiji la Washington, mchezo wa aina hii uitwao Dagorhir ulianzishwa mwaka wa 1977. Msingi wake ni rahisi: ukipigwa mkono, mkono huo haufanyi kazi tena, ukipigwa kiwiliwili, umekufa. Anzeni hapo. Kichwa na shingo viwe mwiko.

Lakini usidhani kwamba sheria iliyo nzuri daftarini itakuwa nzuri uwanjani. Ijaribuni. Piganeni raundi tatu, mbadilishe sheria moja tu, kisha mpigane tatu nyingine. Mkibadilisha mbili kwa pamoja, hamtajua ni ipi iliyoharibu mchezo.

Kwa mfano, mmesema aliyepigwa mguu apige goti. Punde mtaona kwamba hakuna anayetaka kumkaribia. Wapinzani wanamzunguka kwa mbali, naye anageuka huku na huku, na mchezo umesimama. Dawa ni ahesabu hadi ishirini, asipofikiwa, ainuke. Jaribuni tena.

Mwangalieni pia aliye mdogo kuliko wote. Kama kila raundi yeye ndiye wa kwanza kutoka, na muda mwingi anaumaliza ameketi nyasini, sheria zenu zina kasoro hata kama wakubwa wanazisifu. Mpeni maisha mawili.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, utakuwa huu: "Nimekugusa!" "Hukunigusa!" Mtateua refa. Refa ana macho mawili nanyi mko wanane. Pigo la mgongoni halioni. Kabla raundi haijaisha, nyote mtakuwa mnagombana naye.

Alexandra Ndolo, aliyeiwakilisha Kenya katika mchezo wa upanga kwenye Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024, alishindana kwa upanga uliounganishwa na mtambo wa umeme. Ncha ikimgusa mpinzani, taa huwaka. Ninyi hamna taa. Taa yenu ni kinywa cha aliyepigwa.

Kwa hivyo andikeni sheria hii juu ya nyingine zote: aliyepigwa ndiye asemaye, na hakuna wa kumsemea. Siku za kwanza hatakosekana mmoja asiyehisi pigo lolote. Msimpige kwa nguvu zaidi ili asikie, kwani hapo ndipo sponji hugeuka rungu na marafiki hugeuka maadui. Simamisheni mchezo, mwulizeni mara moja, kisha lipokeeni neno lake. Akishinda kwa uongo mara mbili tatu, ataona mwenyewe kwamba hakuna anayemshangilia.

Nawe mzazi, usikae mbali. Hakikisha uwanja hauko kando ya barabara, maana matatu na bodaboda hazijui sheria za watoto. Pawe na neno moja, "Simama!", ambalo yeyote akilitamka, sime zote hushuka chini.

Likizo ijayo, jaribuni. Kijana atakayezoea kusema "nimepigwa" pale ambapo hakuna aliyemwona, amejifunza jambo litakalomfaa hata katika chumba cha mtihani. Wahenga hawakukosea: asiyekubali kushindwa si mshindani.