Neno Lenye Maana Mbili Lisikatwe Nusu

Hakuna lugha duniani isiyokuwa na maneno yenye maana zaidi ya moja. Mwenye lugha hapati taabu nayo, kwa kuwa aliyapokea tangu utotoni. Mwenye taabu ni mtafsiri. Hapa kwetu jina la mji wenyewe latosha kuwa mfano. Mtu akisema "Moshi", yaweza kuwa anautaja mji huu ulio chini ya mlima, au yaweza kuwa anakitaja kile kipaacho kutoka jikoni. Na akisema "pombe ya moshi", kila mtu anaelewa kuwa anataja kinywaji kipikwacho kwa kificho. Mwenyeji hachanganyikiwi hata siku moja. Mgeni mwenye kamusi mkononi ndiye atakayeuliza mji huu uliungua lini.

Mfano huo ni wa kuchekesha, na taabu yake ni nyepesi, kwa sababu jina la mji na moshi wa jikoni vimekutana katika sauti tu. Mtafsiri akichagua kimoja hapotezi kitu. Yako maneno ya namna nyingine, ambayo maana zake mbili zimetoka katika wazo moja kama matawi mawili ya mti mmoja. Mtafsiri akikata tawi moja, mti wenyewe unabadilika sura. Juu ya maneno hayo ndipo tunapotaka kuzungumza na wasomaji wetu leo, na tumechagua kuyatazama kwa kupitia lugha ya Kirusi.

Pengine msomaji atauliza, Kirusi kinatuhusu nini sisi watu wa Kilimanjaro? Kinatuhusu kuliko inavyodhaniwa. Tangu miaka ya 1960 vijana wa Tanzania wamekwenda kusoma katika nchi ile udaktari, uhandisi na kilimo. Wengi walipita katika Chuo Kikuu cha Urafiki kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, jina ambalo chuo hicho kiliacha kulitumia mwaka 1992 na kulirudisha mwaka 2023. Radio Moscow ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili, na vitabu vya Kiswahili vilipigwa chapa huko huko na kuuzwa hapa kwa bei nafuu. Hata leo Warusi ni miongoni mwa wageni wanaofika lango la Marangu na lango la Machame kuupanda mlima wetu.

Lakini katika njia yote hiyo Kiingereza kimekaa katikati kama dalali. Kijana aliyesoma kwa Kirusi alirudi nyumbani akatakiwa aeleze elimu yake kwa Kiingereza ndipo ofisi imwelewe. Mwongozaji wa mlima huzungumza na Mrusi kwa Kiingereza, ambacho si cha huyu wala si cha yule. Historia ya Urusi tuliyoisoma, wengi wetu tumeisoma katika vitabu vya Kiingereza. Basi swali la neno gani la Kiingereza lilingane na neno gani la Kirusi ni swali letu pia, maana nusu ya neno ikimponyoka dalali, sisi hatuipati.

Tutoe mfano mmoja ulio mzito. Warusi wana neno volya. Maana yake ni nia, utashi, lile jambo ambalo mtu amelikusudia moyoni. Na maana yake vilevile ni uhuru, hali ya mtu asiye na bwana wa kumzuia. Katika miaka ya 1870 kulikuwa na chama cha siri cha wanamapinduzi wa Urusi kilichoitwa Zemlya i Volya. Chama hicho kiligawanyika mwaka 1879, na kundi moja likajiita Narodnaya Volya. Watu wa kundi hilo ndio waliomuua Mfalme Alexander wa Pili mwaka 1881. Waingereza walipoyatafsiri majina hayo, cha kwanza walikiita Ardhi na Uhuru, na cha pili wakakiita Nia ya Umma. Kila tafsiri peke yake ina hoja yake. Zikiwekwa pamoja, kuna kitu kimepotea: msomaji wa Kiingereza hawezi kujua kwamba mama na mtoto walikuwa wakitaja neno lile lile. Atadhani kwamba wale wa pili waliacha kudai uhuru wakaanza kudai jambo jingine, kumbe katika sikio la Mrusi dai lao lilibaki volya.

Sasa na tulilete neno hilo kwetu bila kupitia kwa dalali. Kiswahili kina neno hiari. Mtu akifanya jambo kwa hiari yake, ametaka mwenyewe, na tena hakuna aliyemshurutisha. Nia imo humo na uhuru umo humo, wala hatuwezi kuvitenganisha. Aliyekaa chuoni akasoma kwa walimu wetu wa dini anajua jinsi wanavyuoni walivyobishana karne nyingi juu ya kadari na hiari, yaani kama mja hutenda kwa kutaka kwake au kwa kuandikiwa. Hatudai kwamba hiari italitosha neno la Kirusi kila mahali, maana volya ina upana wa mbuga isiyo na ua. Tunachosema ni kwamba Kiswahili hakikulazimika kulipasua neno hilo, na Kiingereza kililazimika.

Wala jambo hili si la vitabuni tu. Neno hiari lina historia katika vijiji vyetu. Mwaka 1968, katika maandishi yake juu ya uhuru na maendeleo, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba watu wataingia katika vijiji vya ujamaa kwa kutaka wenyewe, na kwamba haiwezekani kumwendeleza mtu kwa kumsukuma. Mwezi Novemba mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Kati ya matamko hayo mawili neno lililobadilishwa lilikuwa moja. Mtafsiri ambaye angeandika kwamba hiari ni "nia njema" tu, angemficha mgeni jambo kubwa lililotokea nchini mwetu. Aliyesikia neno hilo kwa Kiswahili alitambua mara moja ni kitu gani kilichoondolewa.

Neno la pili ni mir. Mrusi akilitamka ataweza kuwa anasema amani, na ataweza kuwa anasema dunia. Zamani maana hizo ziliandikwa kwa tahajia mbili, mpaka marekebisho ya maandishi ya mwaka 1918 yalipozifanya kuwa moja. Ndiyo maana wako wanaobishana kama kitabu mashuhuri cha Tolstoy ni Vita na Amani au Vita na Dunia. Tahajia ya zamani inaamua kuwa ni amani. Lakini mir ilikuwa na maana nyingine iliyo karibu zaidi na mkulima: lilikuwa ni jina la jumuiya ya wakulima wa kijiji, walioshika ardhi kwa pamoja na kuigawa upya kwa kaya zao mara kwa mara. Kwa mkulima yule, kijiji chake kilikuwa ndiyo dunia yake. Mwingereza anapolazimika kuandika mara amani, mara dunia, mara jumuiya, msomaji wake anaona vitu vitatu mahali ambapo mkulima wa Urusi alisikia sauti moja.

Sisi wa mteremko huu hatuna haki ya kulishangaa jambo hilo, kwa sababu tunalo letu. Mzizi mmoja wa Kiarabu umetupa shirika, na ushirika, na usharika, na hata ushirikina. Mkulima wa kahawa akitaja ushirika, anakumbuka chama kikuu cha KNCU kilichoanzishwa mwaka 1933. Mkristo akitaja Ushirika Mtakatifu, yupo kwenye meza ya Bwana. Na Mlutheri akisema usharika wake, anataja kanisa lake la mtaani. Mwanafunzi wa Kurani naye anajua kwamba kumshirikisha Mwenyezi Mungu ni dhambi isiyo na mfano. Mtu mmoja wa Machame aweza kuyasikia matatu kati ya hayo kati ya Jumapili na Jumatatu asichanganye hata moja. Lakini ajaribu kuyaandika kwa Kiingereza: ataandika maneno manne yasiyojuana, na ule udugu wa maneno yenyewe hautaonekana tena.

Au tulitazame neno kihamba. Katika Kiingereza cha ofisini kihamba huandikwa kuwa shamba, na shamba la mahindi la huko tambarare nalo huandikwa hivyo hivyo. Mchagga hawezi kuvilinganisha viwili hivyo. Shamba la tambarare ni mahali pa kulima. Kihamba ni migomba na kahawa, ni nyumba, ni urithi wa ukoo, na ndani yake yamo makaburi ya wazee. Mgogoro wa kihamba ukifikishwa mbele ya mtu aliyeusoma katika karatasi kama mgogoro wa shamba, nusu ya kesi haijafika mbele yake.

Yako maneno mengine mawili ya Kirusi ambayo ulimwengu mzima umeyasikia. La kwanza ni sovet. Maana yake ni baraza, na maana yake tena ni ushauri. Kiingereza hakikulitafsiri; kililichukua lilivyo, nalo likabaki kuwa jina la dola ambayo ilivunjika mwaka 1991. Watu wengi waliolitamka kila siku hawakujua kwamba ndani yake mlikuwa na watu walioketi kushauriana. Sisi tunasema halmashauri, na ndani ya halmashauri limo shauri, likisikika waziwazi. La pili ni pravda, lililokuwa jina la gazeti lililoanzishwa mwaka 1912. Waingereza hulifasiri kuwa ukweli. Lakini katika Urusi ya kale lilikuwa jina la mkusanyo wa sheria, kwa kuwa lilibeba ukweli na uadilifu kwa pamoja. Mswahili analo neno haki. Kwa Kiarabu, asili yake ni kweli, na ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Kwetu haki ni uadilifu, ni stahili ya mtu, na ule ukweli wa asili bado umo, ndiyo maana mtu huapa kwa kusema "haki ya Mungu".

Basi mtafsiri afanye nini? Kwanza, aulize neno lina kazi gani pale lilipo, wala asikimbilie maana iliyoandikwa ya kwanza katika kamusi. Pili, neno likirudi mara kwa mara kama uzi katika nguo, alitafsiri kwa neno moja hilo hilo, au amwambie msomaji kwamba ni lile lile, ili asije akafanya kama waliofanya na volya. Tatu, pale ambapo maana zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja, atumie maneno mawili, au aliache neno lilivyo na kulieleza. Kuliacha bila kulieleza si tafsiri, na sovet ni ushahidi.

Kuacha neno lilivyo kwaweza kuwa na heshima kukifanywa kwa kujua. Kilele cha Kibo Wajerumani walikuwa wamekiita kwa jina la mfalme wao. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu yake, na kikaitwa Uhuru. Kiingereza kingelazimika kuchagua kati ya uhuru wa nchi kujitawala na uhuru wa mtu kutofungwa. Hakikuchagua, ramani zake zinaandika Uhuru, na aulizaye huelezwa. Mwalimu Nyerere naye, alipoitafsiri tamthiliya ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi na kuichapisha mwaka 1969, aliita Mabepari wa Venisi. Bepari kwa asili ni mchuuzi. Katika siasa yetu alikwisha kuwa mnyonyaji. Neno hilo lilikuwa na maana mbili, na Mwalimu alilitumia kwa maana zote mbili.

Tunaongeza ushauri wa nne, ambao ni wetu: neno la Kirusi likigoma kuingia katika Kiingereza, mtafsiri wetu alipitishe kwanza katika Kiswahili. Akishaona kwamba volya inaelekea hiari na pravda inaelekea haki, atajua ni kitu gani anachotakiwa kukilinda anapoandika Kiingereza. Kamusi ya Kiswahili na Kirusi ilitolewa kule Urusi mwaka 1961 chini ya usimamizi wa Olderogge, kwa hiyo daraja hilo lina misingi ya zamani.

Jambo hili lina uzito zaidi katika siku hizi. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinapaswa kuhamishwa. Hapo taabu ni ile ile ikigeuzwa upande. Dhamana ni ile inayomtoa mshtakiwa rumande, ni mali iliyowekwa kwa ajili ya mkopo, na tena ni wajibu wa kiongozi, kama tulivyofundishwa kwamba cheo ni dhamana. Haki ni stahili ya mwananchi na ni kazi ya mahakama. Mtafsiri asipoangalia, mwananchi wa Rombo au Kibosho atasoma kifungu na kuelewa jambo ambalo sheria haikulisema, au asielewe lile iliyomwahidi.

Kwa hiyo tunalikumbusha Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na tunawakumbusha walimu, mahakimu, makarani na waongozaji wa mlima, kwamba kazi ya kutafsiri si ya kubadilisha neno kwa neno kama abadilishaye fedha dirishani. Neno lenye maana mbili likifika mikononi mwetu lazima tulipime pande zote mbili kabla ya kulipitisha, kwa sababu huko mbele yupo mtu anayelingoja, na huenda hiari yake, kihamba chake au haki yake imo katika ile nusu tunayotaka kuiacha.