Hewa Kwanza, Dizeli Baadaye

Gari likianza kuchoka kwenye mlima wa Kitonga, gereji nyingi za Iringa na Mbeya zina dawa moja: kuongeza dizeli. Kwenye injini ya 1KZ-T yenye pampu ya kimekanika, fundi anakaza skrubu. Kwenye 1KZ-TE anaichezea sensa ya presha ili kompyuta imwage mafuta zaidi. Gari linavuta, mwenyewe anaondoka ameridhika, moshi mweusi unamfuata nyuma. Kwa Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990, dawa hiyo ndiyo inayoziua. Injini yao hiyo ya lita 3 yenye turbo bado inaweza kuwatosha watu wa nyanda za juu, lakini nguvu yake inaanzia kwenye hewa, na kuirudisha hewa hiyo hakuhitaji fedha nyingi.

Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa Dar es Salaam ni takriban ba 1.01; Mbeya ni kama 0.83. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 18 ya hewa yake hapo hapo. Yenye turbo inajitetea, ila nayo haiponi kabisa. Tuseme turbo imepangwa kusukuma 0.6 juu ya hewa ya nje: pwani injini inapata jumla ya 1.61, Mbeya inapata 1.43, pungufu ya asilimia 11. Geji inaonyesha 0.6 kotekote, ndiyo maana dereva haoni kilichopotea.

Sasa mwaga dizeli zaidi kwenye hewa hiyo pungufu. Sehemu yake inatoka ikiwa masizi, na joto la moshi unaoingia kwenye turbo linapanda. Silinda hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu, na ugonjwa wake mafundi wanaujua: kupasuka katikati ya valvu. Kupanda Kitonga nyuma ya lori la mizigo, mguu umezama kwenye mafuta, ni mahali pazuri pa ufa kuanzia. Hakuna kazi nitakayoitaja hapa inayokaribia gharama ya hedi mpya.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kutafuta hewa inayovuja. Chomoa mpira unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda turbo, uzibe mdomo wake kwa kipande cha bomba la plastiki chenye kifuniko, na kifuniko hicho ukitoboe na kukifungia valvu ya tairi. Ziba pia mpira wa kupumulia wa injini. Nenda kwa mtu wa pancha, ajaze upepo polepole hadi nusu ba, halafu paka maji ya sabuni kila kiungio mpaka kwenye manifodi ya hewa. Povu likifura, hapo ndipo nguvu yako inapotorokea. Ukisikia upepo kidogo ukipita kwenye ringi za pistoni, usihangaike. Gari la miaka 25 mipira yake imekakamaa na klipu zimelegea. Kubadilisha vyote ni kazi ya asubuhi moja.

Chujio nalo lisipulizwe kwa kompresa mara kwa mara. Upepo huo hulitoboa, na vumbi la Mufindi linalopenya hula mapanga ya turbo.

Kinachofuata ni ekzosi, na kwa maoni yangu hapa ndipo fedha kidogo inaleta tofauti kubwa kuliko pengine popote. Sailensa iliyojaa masizi huikaba turbo. Bomba la inchi 2.5, lililokunjwa bila kubonyea kwenye kona na kuchomelewa vizuri na fundi wa hapa hapa, huifanya turbo iamke mapema, na joto la moshi hushuka badala ya kupanda.

Halafu kuna maji. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta kinachoshikilia presha. Kama mpira wake umekufa, nunua kipya. Na themostati, kama iling'olewa, irudishwe! Inapopata joto, sahani yake ya chini hufunga njia ya mkato. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Tambarare gari linavumilia; mlimani linachemsha.

Baada ya hapo funga geji ya joto la moshi, sensa yake ikae kwenye manifodi ya ekzosi, kabla ya turbo. Ikikaribia nyuzi 700 na kubaki hapo, punguza mguu na ushushe gia. Bila geji hiyo, asiguse mtu pampu wala msukumo wa turbo.

Ukiwa nayo, unaweza kuongeza msukumo kutoka 0.6 hadi 0.75, ukaikaribia hali ya pwani. Lakini gari hilo hilo likishuka Kitonga, likapita Mikumi na kufika Dar es Salaam, jumla inakuwa 1.76. Hivyo mwambie fundi afunge kidhibiti unachoweza kukifikia kwa mkono, ukirudishe kwenye 0.6 kabla ya safari ya pwani.