Visiwa vya Mafia na Mahame ya Kua

Sisi wa Mapinga tumo katika Mkoa wa Pwani pamoja na Wilaya ya Mafia, nayo yote ni visiwa: Mafia penyewe, Juani, Chole, Jibondo na vinginevyo, mkabala wa mahali mto Rufiji umwagapo maji baharini.

Huko Juani ulikuwapo mji wa Kua, wenye misikiti ya mawe. Yapata mwaka 1829 Wasakalava wa Madagaska waliuvamia, wakaua watu, na wengine wakawachukua utumwani. Visiwa vikatawaliwa na Wajerumani tangu 1890, na mwaka 1915 Waingereza wakavitwaa.

Leo Kua ni mahame. Mizizi ya miti yapasua kuta za misikiti ile. Basi wazazi, wasimulieni watoto kabla hazijaanguka.