Mkono Mtupu Haulambwi

Simba wawili waliowaua wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898 hawakuwa na manyoya ya shingoni. Ukifika Chicago utawakuta katika jumba la makumbusho la Field, wamekaushwa na kusimamishwa nyuma ya kioo, shingo zao kama za majike. Lakini itazame The Ghost and the Darkness, filamu ya 1996 iliyotokana na mkasa huo: simba wanaochomoka kwenye nyasi wana manyoya mazito mpaka kifuani. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake walikuwa wa kufugwa, wengine wakiletwa kutoka Canada. Dume aliyezoea watu, anayekuja akiitwa na kusimama anapotakiwa, hapatikani kila kichaka. Waliopatikana walikuwa na manyoya, basi historia ndiyo iliyolazimika kuwapisha.

Watu wakijua kwamba ninashughulika na tabia za wanyama, swali lao la kwanza huwa hili: yule mbwa wa kwenye sinema anajua kuwa anaigiza? Hajui. Mwigizaji hujifanya mtu asiye yeye. Mnyama hufanya jambo moja dogo, la kweli, kwa sababu zake mwenyewe, na mara nyingi sababu hiyo iko ndani ya mfuko wa mfunzaji. Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi, nao hawakuwahi kuiona kamera.

Kazi huanzia kwenye jambo ambalo mnyama tayari analifanya. Mbwa anageuza kichwa. Papo hapo kidude kilicho mkononi mwa mfunzaji kinalia tak, kisha kipande cha nyama kinafuata. Mlio huo ndio siri ya kazi nzima. Nyama huchelewa sekunde moja au mbili kufika mdomoni, na katika sekunde hizo mbwa ameshakaa, amejikuna, amenusa chini. Bila mlio angedhani analipwa kwa kujikuna. Mlio humwambia: ni hilo hapo, lirudie. Akishalishika, linaunganishwa na ishara ya mkono, halafu mfunzaji anarudi nyuma hatua kwa hatua hadi anaishia pembeni mwa kamera. Vivyo hivyo hufundishwa kwenda kusimama juu ya kizulia, na kizulia hicho hupunguzwa siku baada ya siku mpaka kinabaki kipande kinachofichika chini ya majani.

Ndiyo maana, ukimtazama vizuri mbwa anayemlilia bwana wake kwenye filamu, utaona macho yake hayako kwa marehemu. Yako juu kidogo, au upande, aliko mwenye nyama. Kilichobaki ni cha mhariri. Anaweka sura ya mbwa, kisha jeneza, kisha sura ileile ya mbwa, nasi tunatafuta leso. Hata sauti hupangwa. Ngurumo ya simba wa nembo ya kampuni ya filamu ya MGM, ilipotengenezwa upya miaka ya 1980, iliongezwa sauti za chui milia, maana simba mwenyewe hakusikika mkali vya kutosha.

Msidhani nasema mnyama ni mjinga. Mwanzoni mwa karne iliyopita Berlin ilikuwa na farasi aliyeitwa Hans, mali ya mwalimu mmoja wa zamani, Wilhelm von Osten. Ukimwuliza tatu jumlisha nne, aligonga kwato mara saba. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alichapisha jinsi alivyomchunguza. Pale mwulizaji asipojua jibu, Hans alishindwa. Pale farasi asipomwona mwulizaji, alishindwa pia. Kumbe mtu anayengoja jibu huinamisha kichwa kidogo sana, na hesabu ikitimia hukiinua bila kujijua. Hans alikuwa akikisoma kichwa hicho. Hesabu hakuijua hata kidogo, lakini alitujua sisi kuliko tunavyojijua. Mfunzaji wa filamu anaishi kwa kipaji hichohicho, ila yeye anaitoa ishara kwa makusudi.

Jukwaani hakuna mhariri wa kumwokoa mtu. Shakespeare aliliona hilo mapema. Katika The Two Gentlemen of Verona mtumishi Launce anaingia na mbwa wake, Crab, akimlaumu kwa kukosa huruma. Mbwa hana la kufanya. Akipiga mwayo, watu wanacheka. Akiwakodolea watazamaji macho, wanacheka zaidi. Akilala, basi lawama za Launce zimethibitishwa. Ni nafasi ambayo mbwa hawezi kuikosea, na sijui mwandishi mwingine aliyeielewa kazi hii vizuri kiasi hicho.

Kwenye filamu, mnyama mmoja unayemwona huenda ni wengi. Babe, yule nguruwe mdogo wa filamu ya 1995, alihitaji nguruwe 48, kwa sababu watoto wa nguruwe hukua haraka kuliko ratiba ya upigaji picha. Naye Lassie, mbwa jike maarufu kuliko wote, aliigizwa mwaka 1943 na dume aliyeitwa Pal.

Farasi ndio waliolipa gharama kubwa. Zamani, mwongozaji akitaka farasi aanguke vitani, waya ulifungwa kwenye miguu yake ya mbele, ncha ya pili ikafungwa kwenye kigingi ardhini. Mpanda farasi alijua waya utaishia wapi. Farasi, aliyekuwa anakimbia kwa nguvu zake zote, hakujua. Katika The Charge of the Light Brigade ya 1936 farasi wengi walikufa kwa namna hiyo, na mwaka uliofuata Uingereza ikatunga sheria ya kuzuia filamu ambazo wanyama waliteswa katika kuzitengeneza. Marekani ilingoja mpaka farasi aliporushwa kutoka kwenye jabali akafa, katika Jesse James ya 1939. Hapo ndipo shirika la American Humane lilipopewa nafasi ya kusimamia, mwaka 1940. Siku hizi farasi wa kuanguka hufundishwa kulala chini kwa ishara, juu ya udongo uliochimbuliwa na kulainishwa. Sisi tunauona mwendo uleule.

Wengine wameamua kumwacha mnyama nje kabisa. Sokwe wa Rise of the Planet of the Apes ya 2011 ni watu waliovaa vihisi, kisha kompyuta ikawavika manyoya. Mimi huvutiwa zaidi na War Horse, tamthilia iliyoanza katika National Theatre ya London mwaka 2007. Farasi wake ni fito za henzirani, kazi ya kundi la vikaragosi la Handspring kutoka Cape Town. Watu watatu wanamwendesha mbele ya macho yako: mmoja kichwa na masikio, mmoja miguu ya mbele na pumzi, mmoja miguu ya nyuma na mkia. Hawafichwi. Baada ya dakika chache unawasahau, kwa sababu farasi anapumua.

Hadi hapo nadharia yangu ya nyama mfukoni inasimama. Filamu inayoisumbua ilipigwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Elsa, simba jike wa Joy na George Adamson, alikufa mwaka 1961. Born Free, filamu ya maisha yake iliyotoka 1966, ilihitaji simba wengine. Wa kwanza kuletwa walikuwa wa sarakasi, mabingwa wa kutii amri, nao hawakufaa: hakuna aliyethubutu kulala nao kwenye nyasi kama mtu na rafiki yake. Badala yao wakatafutwa simba wasiojua mchezo wowote. Virginia McKenna na Bill Travers, waigizaji wakuu, wakatembea na kucheza nao siku baada ya siku huku George Adamson akiwaelekeza. McKenna alivunjika kifundo cha mguu simba mmoja alipomrukia, na akapona akarudi. Kinachoonekana kwenye filamu hiyo hakikununuliwa kwa nyama peke yake.

Kamera ilipofungwa, uzoefu ule haukufungwa nao. Simba wengi waligawanywa kwenye bustani za wanyama. Watatu, Boy, Girl na Ugas, alipewa Adamson, akaenda nao Meru kuwafundisha kujitafutia. Mwaka 1971, huko Kora alikomhamishia baadaye, Boy alimwua mfanyakazi wa kambini, na Adamson akampiga risasi simba aliyemlea. Simba aliyezoea watu hawi simba wa kufugwa. Amepoteza hofu tu.

Travers na McKenna walirudi Kenya kupiga An Elephant Called Slowly, iliyotoka 1970. Tembo huyo wa polepole ndiye Pole Pole, ndama wa miaka kama miwili aliyekwisha kukamatwa awe zawadi ya serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Kazi ilipoisha waliomba wamnunue, ili David Sheldrick, mhifadhi wa wanyama, amlee Tsavo. Wakaambiwa inawezekana, ila atakamatwa ndama mwingine wa kujaza nafasi yake. Wakanyamaza, naye akapelekwa.

Baada ya miaka mingi walikwenda kumwona London. Walisimama nje ya ua wakamwita jina. Pole Pole alikuja mpaka ukingoni, akanyoosha mkonga, akawagusa mikono. Alikufa mwaka 1983, baada ya jaribio la kumhamisha kwenda vibaya, akiwa bado kijana kwa umri wa tembo.