Je, Wajua? Siri Zilizomo Katika Daftari la Darasa la Kwanza

Kila Januari, asubuhi na mapema, barabara zetu hujaa sare mpya. Mashati yamenunuliwa makubwa makusudi ili yafae hata mwakani, na mabegi yanawafika wenyewe hadi chini ya makalio. Hao ni watoto wa darasa la kwanza. Ifikapo Novemba, wengi wao watakuwa wanasoma mabango ya dukani kwa sauti, wanaandika majina yao bila kusaidiwa, na hawapunjwi chenji kirahisi. Katikati ya miezi hiyo hutokea mambo makubwa ambayo sisi watu wazima tumeyasahau, ingawa nasi tuliyapitia. Haya ni baadhi yake.

Sikio liliwahi kuwa cheti cha kuzaliwa

Je, wajua kwamba wazee wengi wa Afrika Mashariki waliandikishwa shule kwa kushika sikio? Mtoto alizaliwa nyumbani, tarehe haikuandikwa popote, na miaka ilihesabiwa kwa mvua na njaa. Basi mwalimu alimwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, ashike sikio la kushoto. Likishikika, jina linaingia kwenye daftari la mahudhurio. Lisiposhikika, rudi mwakani.

Kipimo hicho kina mantiki. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa, karibu robo ya urefu wake wote, na mikono yake ni mifupi. Kadiri anavyokua, mikono hurefuka upesi kuliko kichwa, na kwenye miaka sita au saba vidole hufika sikioni. Wataalamu wa ukuaji wa mwili wanakifahamu, nao hukiita kipimo cha Kifilipino. Lakini kilikuwa na dhuluma yake: mtoto aliyedumaa kwa kukosa lishe alirudishwa nyumbani ilhali umri wake ulikuwa umetimia, na huyo ndiye aliyeihitaji shule kuliko wote.

Sa, se, si, so, su na mapengo

Je, wajua kwamba darasa la kwanza ni miongoni mwa madarasa yenye mapengo mengi zaidi? Meno ya utoto ni 20, na yale ya mbele huanza kung'oka mtoto akikaribia miaka sita. Sauti za s na z hutamkwa kwa kupitisha hewa nyembamba karibu na meno ya mbele. Mwalimu anapofika kwenye silabi hizo, nusu ya darasa inapuliza hewa pengoni. Mtoto anajua anachokisoma, ila kinywa hakijawa tayari kukisema.

Wakati huohuo, gego la kwanza la ukubwani huchomoza nyuma kabisa ya safu, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la utoto, wasihimize lisuguliwe. Gego hilo halina mbadala: likioza, ndiyo basi.

Kikombe kina haki ya kugeuka, herufi haina

Je, wajua kwa nini mtoto huandika d badala ya b, au 3 iliyotazama upande usio wake? Si uzembe. Tangu kuzaliwa, ubongo wake umejifunza kwamba kitu hakibadiliki kwa kugeuzwa. Kikombe ni kikombe, mkono wake uwe kulia au kushoto. Mbuzi akitazama mashariki au magharibi ni mbuzi yuleyule. Ujuzi huo umemsaidia binadamu tangu zama za uwindaji.

Halafu, ghafla, mwalimu anamwambia kwamba kijiti chenye tumbo upande wa kulia ni b, na chenye tumbo upande wa kushoto ni d. Kwa mara ya kwanza maishani, upande una maana. Ubongo unalazimika kuiacha kanuni ya kale kwa ajili ya herufi tu, na jambo hilo huchukua muda. Kwa watoto wengi, kosa hilo huisha lenyewe kadiri wanavyozoea kusoma.

Mtoto wa pwani ana mzigo wa ziada, nao ni mzigo wa heshima. Asubuhi shuleni anaandika kutoka kushoto kwenda kulia. Alasiri chuoni, mbele ya maalimu wake wa Kurani, anasoma kutoka kulia kwenda kushoto. Kiswahili chenyewe kiliandikwa hivyo kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kilatini: miongoni mwa maandishi yake ya kale tunayoyajua tarehe ni barua zilizoandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu tangu mwaka 1711.

Mkono ambao haujamaliza kuwa mfupa

Je, wajua kwamba kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, na mtoto huzaliwa ikiwa karibu yote ni gegedu laini? Huwa mifupa kamili mmojammoja, mwaka baada ya mwaka, na wa mwisho kwa kawaida huanza kuwa mgumu kati ya miaka 9 na 12. Maana yake ni kwamba mtoto wa darasa la kwanza anashika penseli kwa mkono ambao bado unajengwa.

Ndiyo maana mwalimu mzuri huanza kwa kuwachezesha udongo wa mfinyanzi, kuchora mawimbi mchangani, na kuandika hewani kwa kidole. Mtu akipita dirishani ataona mchezo. Mwalimu anaandaa mkono.

Zawadi ya ba, be, bi, bo, bu

Je, wajua kwamba mtoto anayesomeshwa kwa Kiswahili amebahatika? Lugha yetu ina irabu tano tu, na kila moja hutamkwa vilevile popote ilipo. Mtoto akishaujua mchezo wa silabi, anaweza kulisoma neno ambalo hajawahi kulisikia.

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza shuleni. Watoto wa Ufini, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, walisoma kwa usahihi maneno ya kawaida yapatayo 98 katika kila 100. Watoto wa Uskoti, wanaosoma kwa Kiingereza, walisoma yapatayo 34. Hao wa Uskoti walikuwa wadogo kwa umri, lakini ugumu wa tahajia ya Kiingereza ulihesabiwa kuwa sababu kubwa. Kwa tahajia, Kiswahili kiko upande wa Ufini.

Zawadi hiyo ina mtego. Kwa kuwa silabi ni nyepesi, mtoto anaweza kutiririka sentensi nzima asielewe hata neno moja, hasa yule ambaye nyumbani anazungumza Kisukuma au Kimaasai na Kiswahili anakikuta darasani. Kwa hiyo mwalimu hatosheki na sauti nzuri. Anauliza: "Haya, niambie, umesoma nini?"

Mbu na mbuzi

Je, wajua kwamba maneno haya mawili yana idadi sawa ya silabi? Piga makofi: m-bu, makofi mawili. Mbu-zi, makofi mawili. Katika "mbu", m inasimama peke yake kama silabi kamili. Katika "mbuzi" imeungana na b. Vivyo hivyo "nne" ni n-ne na "mtu" ni m-tu. Hakuna mtoto anayeelezwa kanuni hii. Anaisikia, anaipiga kwa viganja, anaijua.

Hesabu za Kibantu na za Kiarabu

Je, wajua kwamba mtoto anapohesabu moja hadi kumi anapita katika lugha mbili? Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka Kiarabu. Zamani tisa iliitwa kenda.

Kisha inakuja raha: kumi na moja, kumi na mbili. Jina lenyewe linaeleza kilichomo ndani, tofauti na Kiingereza ambacho neno lake la kumi na moja halionyeshi kumi wala moja. Raha hiyo inakatika kwenye ishirini, thelathini, arobaini, ambayo pia ni maneno ya Kiarabu. Neno "arobaini" halimwambii mtoto kwamba ndani yake kuna kumi nne. Hapo ndipo vijiti vinapoingia. Mwalimu anafunga mafungu ya kumikumi kwa uzi: mafungu manne, hiyo ndiyo arobaini. Pasipo vijiti kuna mbegu, na pasipo mbegu kuna vizibo vya soda.

Mistari miwili ya mwaka 1557

Je, wajua kwamba alama ya sawasawa ina mtu aliyeibuni? Ni Robert Recorde, daktari na mwanahisabati mzaliwa wa Wales. Alichoka kurudiarudia maneno "ni sawa na", akachora mistari miwili sambamba, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana zaidi ya hivyo.

Watoto wengi huidhani alama hiyo kuwa amri ya "andika jibu". Waandikie 3 + 2 = 5, watakubali. Waandikie 5 = 3 + 2, watasema mwalimu amekosea. Mizani ya sokoni huwafungua macho: vizibo vitano upande huu, vitatu na viwili upande ule, na mkono unatulia katikati.

Saa inayosomwa kinyume

Je, wajua kwamba mtoto wa Kiswahili hutazama namba moja na kutamka nyingine? Mshale uko kwenye 7, naye anasema saa moja. Sisi tunahesabu kuanzia macheo, na karibu na ikweta jua halichezei ratiba yake. Kwa saa ya mishale kuna njia rahisi: soma namba inayoikabili ile iliyoelekezwa na mshale. Ya 7 hukabiliwa na 1, ya 8 na 2. Saa ya simu haina hisani hiyo; hapo sharti mtoto ajumlishe au atoe sita.

Begi lililotembea dunia

Je, wajua kwamba neno "kalamu" lilitufikia kwa Kiarabu, na asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya tete? "Daftari" nalo lina mizizi katika neno la Kigiriki la ngozi, kwani watu waliandikia ngozi. "Shule" tuliipata kwa Wajerumani; Zanzibar walichukua "skuli" kwa Waingereza. Na kile tunachokiita kalamu ya risasi hakina risasi hata chembe. Ndani yake mna grafiti, ambayo ni kaboni, ndugu wa mkaa wa jikoni.

Aliyeanza akiwa na miaka 84

Je, wajua kwamba Julius Nyerere alianza shule mwaka 1934, katika Shule ya Mwisenge huko Musoma, akiwa na miaka 12? Kijana huyo aliyechelewa aliishia kuitwa Mwalimu na taifa zima.

Kimani Maruge wa Kenya alichelewa zaidi. Serikali ilipofuta ada za shule za msingi kwa watoto wote mwaka 2003, yeye alisikia neno "wote" akalichukulia kwa uzito wake. Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alivaa soksi ndefu na kaptula, akaingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwaka uliofuata alikwenda New York kuwatetea watoto wasio na shule, na alifariki mwaka 2009 akiwa bado mwanafunzi.

Tanzania nayo ilianza mwaka 2015 mtaala ulioweka uzito kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, katika madarasa mawili ya kwanza. Mwaka 2016 elimu bila ada ikaanza, na vyumba vya darasa la kwanza vikafurika. Kila mtoto aliyeingia ana haki ya kile alichokitamani Maruge.

Basi mwanao akikuletea daftari leo usiku, usitafute tiki kwanza. Itazame d iliyogeuka, ukumbuke kikombe. Utazame mwandiko unaopanda mlima, ukumbuke gegedu. Mwambie akusomee, kisha umuulize amesoma nini. Daftari la kwanza likijaa, usilifungie maandazi. Liandike tarehe, ulihifadhi. Novemba uliweke mezani kando ya lile la mwisho, umwite mwenyewe aje ayatazame yote mawili.