Matundu ya Stampu za Kale za Uingereza

Mtu apokeapo barua huitazama stampu kwa kitambo kidogo tu, na pengine haitazami kabisa. Lakini akiitazama vema ataona kwamba kingo zake si laini. Zina meno madogo madogo kama ya msumeno. Meno hayo ni mabaki ya matundu yaliyotobolewa katika karatasi, ili stampu moja ipate kutengwa na jirani yake pasipo mkasi. Wakusanyaji wa stampu huyahesabu matundu hayo kwa uangalifu mwingi, kwa maana mara nyingi ndiyo yapambanuayo stampu mbili zilizofanana kwa picha na kwa rangi.

Hapo kwanza matundu hayakuwako. Stampu ya kwanza ya posta ilitolewa Uingereza katika mwezi wa Mei, 1840. Ilikuwa nyeusi, thamani yake peni moja, nayo ilikuwa na sura ya Malkia Victoria. Mwaka wa 1841 rangi yake ikageuzwa kuwa nyekundu. Stampu hizo zilichapwa 240 katika karatasi moja kubwa, safu 20, na kila safu stampu 12. Hesabu hiyo ilikuwa na maana: peni 12 zilikuwa shilingi moja, na peni 240 zilikuwa pauni moja. Basi karani wa posta aliuza safu moja kwa shilingi, na karatasi nzima kwa pauni. Lakini kila stampu ilipasa kukatwa kwa mkasi. Watu walipokuwa wengi kazi ilichosha, na mkono ukiteleza, mkasi ulikata picha.

Mtu mmoja wa Ireland, jina lake Henry Archer, aliitambua shida hiyo. Katika mwaka wa 1847 alimpelekea Mkuu wa Posta shauri la kutumia mashine. Mashine zake za kwanza zilipasua karatasi kwa visu vidogo, wala hazikufaa. Archer hakukata tamaa. Alitengeneza nyingine yenye safu ya sindano butu za chuma, ambazo zilitoboa karatasi na kuondoa vipande vidogo vya mviringo. Stampu za peni moja zilizotobolewa hivyo zilijaribiwa tangu mwaka wa 1850. Mwaka wa 1853 Serikali ikanunua haki ya uvumbuzi wake kwa pauni 4,000, na mwaka wa 1854 stampu zenye matundu zikaanza kuuzwa kwa watu wote.

Matundu huhesabiwa katika urefu wa sentimeta 2. Kipimo hiki kilianzishwa na Daktari Legrand wa Paris katika mwaka wa 1866. Stampu yenye matundu 16 katika sentimeta 2 huitwa stampu ya kipimo cha 16. Stampu za 1854 zilikuwa za kipimo hicho. Lakini matundu yalikaribiana mno, hata karatasi ikapasuka kabla ya wakati wake. Kwa hiyo mwaka wa 1855 kipimo cha 14 kikaanza kutumika. Hata pande za stampu moja huweza kuhitilafiana. Stampu za Mfalme Edward wa Saba zilikuwa za kipimo cha 14 pande zote, lakini katika mwaka wa 1911 zilianza kutolewa nyingine za kipimo cha 15 juu na chini, na 14 ubavuni. Mtu asipopima pande zote mbili hudanganyika.

Pengine mashine yenyewe ilikosea. Sindano ikivunjika, tundu halikutoboka. Karatasi ikisogea, safu ya matundu ilipita juu ya picha. Kosa hilo hutambulikana upesi katika stampu nyekundu za kale, kwa kuwa kila moja ilikuwa na herufi mbili katika pembe za chini: ya kushoto ilionyesha safu yake, na ya kulia ilionyesha mahali pake katika safu. Matundu yakihama sana, herufi za stampu ya juu huonekana juu ya kichwa cha Malkia.

Kwa kuwa stampu za majaribio ya Archer ni adimu, zina thamani kubwa, na penye thamani hapakosi wadanganyifu. Wengine hutwaa stampu ya kale isiyo na matundu wakaitoboa wenyewe. Wengine hukata meno ya stampu ya kawaida, kisha husema kwamba haikutobolewa kamwe. Hila hii ya pili hufichuliwa kwa kupima upana, kwa maana stampu iliyokatwa meno huwa nyembamba. Ushahidi ulio bora ni stampu mbili zilizo bado pamoja, pasipo matundu katikati yao.

Hila ya kwanza ni ngumu zaidi. Hapo mwenye maarifa hutazama umbo la herufi za pembeni, kwa sababu tangu mwaka wa 1852 mafundi walitumia herufi za umbo jipya, na stampu za Archer zina zile za kale. Tena hutazama bahasha: muhuri wa posta wenye tarehe ya 1851, uliopita juu ya stampu na juu ya bahasha pia, ni shahidi mwema. Kwa hiyo mtoto aonaye barua ya kale asifanye haraka kuibandua stampu kwa maji. Huenda akaipata stampu safi, naye ameupoteza ushahidi wake, wala hataweza kuurudisha.

Mtu akiwa na rula, kioo cha kukuzia, na subira, aweza kujifunza kazi hii. Ahesabu mara mbili kabla ya kusema neno. Kwani tundu moja tu, likihesabiwa vibaya, huifanya stampu ya kawaida ionekane kuwa hazina, na hazina ionekane kuwa takataka.