Upangaji wa Okestra wa Nyimbo za Kisanaa za Kijerumani: Suala la Ufasiri wa Matini

1.0 Utangulizi

Katika Kijerumani neno Lied (wingi: Lieder) lina maana ya wimbo wowote. Hata hivyo, katika taaluma ya muziki neno hilo limepata maana finyu zaidi: ni shairi lililokwisha kutungwa na mshairi, kisha likatiwa muziki na mtunzi kwa ajili ya mwimbaji mmoja na piano. Katika makala hii utanzu huo unaitwa wimbo wa kisanaa. Ulipevuka jijini Vienna mikononi mwa Franz Schubert (1797–1828), aliyetunga nyimbo zaidi ya 600 katika maisha ya miaka 31, ukaendelezwa na Robert Schumann, Johannes Brahms na Hugo Wolf. Makao yake ya awali yalikuwa sebuleni, mbele ya wasikilizaji wachache walioweza kulisikia kila neno.

Tangu katikati ya karne ya 19 nyimbo nyingi za aina hii zimepangwa upya: sauti ya mwimbaji imeachwa kama ilivyo, bali sehemu ya piano imegawiwa ala za okestra. Swali linalozuka ni hili: je, kufanya hivyo ni kuipamba kazi tu, au ni kuifasiri? Makala hii inadai kwamba mpangaji hawezi kuukwepa ufasiri, kwa kuwa kila ala anayoichagua hutamka jambo ambalo piano iliweza kulinyamazia.

2.0 Historia kwa Ufupi

Chanzo kikuu cha upangaji huu ni kumbi. Kadiri tamasha za hadhara zilivyopanuka, ndivyo waimbaji walivyohitaji nyimbo za kuimba pamoja na okestra. Mnamo 1860 Hector Berlioz aliipangia okestra Erlkönig ya Schubert. Franz Liszt naye aliupanga wimbo huo pamoja na nyingine kadhaa za Schubert. Mnamo 1862 Brahms alizipanga baadhi ya nyimbo za Schubert, zikiwamo An Schwager Kronos na Memnon, kwa ajili ya mwimbaji Julius Stockhausen. Mwaka 1903 Anton Webern, akiwa bado mwanafunzi, alijifunzia kazi ya okestra kwa kuzipanga nyimbo chache za Schubert. Sambamba na hao walikuwapo waliozipanga nyimbo zao wenyewe, hususan Wolf, Richard Strauss na Gustav Mahler.

3.0 Piano na Utata wa Matini

Erlkönig ni mfano mzuri wa kuanzia. Shairi ni la Goethe, la mwaka 1782. Schubert alilitilia muziki mwaka 1815. Baba amepanda farasi usiku, amempakata mwanawe mgonjwa. Mtoto anadai kwamba anamwona na kumsikia kiumbe wa ajabu anayemrairai amfuate. Baba anamtuliza: huo ni ukungu, hayo ni majani yanayochakarishwa na upepo. Wanapofika nyumbani mtoto amekwisha kufa.

Shairi lina wasemaji wanne, yaani msimulizi, baba, mtoto na kiumbe huyo, na wote huimbwa na mtu mmoja. Schubert huwapambanua kwa kimo cha sauti na kwa mabadiliko ya usindikizaji. Kilio cha mtoto hupandishwa juu zaidi kila kinaporudiwa, na maneno ya kiumbe huimbwa kwa utamu juu ya usindikizaji uliolainishwa. Lakini piano ni ile ile moja, na rangi ya sauti yake ni ile ile. Kwa hiyo swali kuu la shairi halijibiwi: je, kiumbe huyo yupo, au ni zao la homa ya mtoto?

Mpangaji wa okestra hawezi kubaki katika hali hiyo. Hana budi kuamua ni ala zipi zitakazopiga pale kiumbe anaposema. Akimpa ala zake mahususi, zisizosikika penginepo, atakuwa amemthibitisha kuwa ni nafsi inayojitegemea, na hoja ya baba itadhoofika. Akimpa zile zile zilizotumika kwa upepo na mbio za farasi, atakuwa ameegemea upande wa baba. Hata kusitasita kati ya njia hizo mbili ni uamuzi. Tatizo hili ni lile lile limkabililo mfasiri anapokuta kiwakilishi kisichobainisha jinsia, ilhali lugha anayofasiria humlazimisha aibainishe.

Jambo jingine ni juhudi ya mwili. Katika Erlkönig mkono wa kuume wa mpiga piano hurudiarudia noti zile zile kwa kasi karibu wimbo mzima, na uchovu wake ni sehemu ya wasiwasi unaosikika. Katika okestra kazi hiyo hugawanywa kwa wapigaji wengi wa fidla. Nguvu huongezeka, lakini ile hali ya mtu mmoja anayekaribia kushindwa hupungua.

4.0 Usikikaji wa Maneno

Ikiwa wimbo wa kisanaa ni shairi, basi maneno yasiposikika kazi imepotea. Utafiti wa Johan Sundberg, mtaalamu wa akustika wa Uswidi, katika miaka ya 1970 ulionyesha kwamba nishati ya sauti ya okestra huwa kubwa zaidi katika eneo la mitetemo 500 hivi kwa sekunde, kisha hupungua kadiri mitetemo inavyoongezeka. Waimbaji waliofunzwa, hasa wanaume, huikusanya nguvu ya sauti karibu na mitetemo 3000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra ni dhaifu. Ndiyo maana mtu mmoja huweza kusikika mbele ya okestra nzima bila kipaza sauti.

Hata hivyo, msaada huo huzinufaisha irabu kuliko konsonanti. Vipasuo sighuna havina mtetemo wa nyuzi za sauti, wala haviwezi kurefushwa kama irabu. Katika Kiswahili, ambacho silabi zake nyingi ni wazi, hasara hiyo ingekuwa ndogo zaidi. Katika Kijerumani ni kubwa, kwani maneno mengi hupambanuliwa na konsonanti ya mwisho. Lied (wimbo) na lieb (-penzi) hutofautiana kwa kipasuo hicho tu, ambacho mwishoni mwa neno hutamkwa t na p. Kwa hiyo mpangaji mzuri huzipunguza ala pale neno lenye uzito linapomalizika. Anayezijaza ala kila mahali humwachia msikilizaji irabu bila shairi.

5.0 Mtunzi Anapoifasiri Kazi Yake

Strauss alitunga Morgen! mwaka 1894 kwa sauti na piano, akaipangia okestra mwaka 1897. Alitumia fidla ya pekee, kinubi, horni tatu na ala za nyuzi. Shairi, lililotungwa na John Henry Mackay, huanza kwa kiunganishi, na mwimbaji huingia baada ya utangulizi mrefu kana kwamba anaendeleza mazungumzo yaliyokwisha kuanza. Katika piano mwenzi wa mazungumzo hayo ni wa kukisiwa. Katika okestra fidla humpa sauti, na wapendanao wanaotajwa katika shairi huwa wawili masikioni pia. Hapa upangaji umetoa maana mpya bila kulifunika neno hata moja.

Mahler alikwenda mbali zaidi kwa kuitumia okestra kama kundi dogo la wapigaji. Kindertotenlieder, nyimbo tano zitokanazo na mashairi ambayo Friedrich Rückert aliyatunga baada ya kufiwa na wanawe wawili, zilipigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwezi Januari 1905, katika ukumbi mdogo. Katika Um Mitternacht Mahler aliziacha kabisa ala za nyuzi. Ni dhahiri kwamba kwake okestra ilikuwa njia ya kuchagua rangi, wala haikuwa njia ya kuongeza kishindo.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba upangaji wa okestra haupaswi kupimwa kwa wingi wa ala wala kwa kufanana kwake na piano. Vigezo viwili vinafaa zaidi: ni utata upi wa matini uliotatuliwa, na je, maneno yamebaki yakisikika? Mwaka 1993 Hans Zender alipoitoa Winterreise ya Schubert kwa mwimbaji wa tena na okestra ndogo, aliiita waziwazi fasiri iliyotungwa. Jina hilo linawafaa pia waliomtangulia, ijapokuwa wao hawakulitumia. Kwa wanafunzi wa tafsiri, nyimbo hizi zinatoa ushahidi ulio wazi kuliko matini nyingi: maneno hayakubadilishwa hata herufi, na bado maana imehama.